FLASHI NA KOMPYUTA: NAMNA YA KUITUMIA NA KUITUNZA AMANA ILIYOMO NDANI YAKE



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu wanafunzi, katika toleo hili tumeona tuzungumzie kifaa kidogo ambacho wengi wenu mnacho, ama kwenye kishikio cha funguo, ama mfukoni, ama ndani ya mkoba wa shule. Kifaa hicho ni flashi. Tumekichagua kwa sababu karibu kila mtu anakitumia na wachache tu wamewahi kufundishwa namna ya kukitumia. Mtu anachomeka, ananakili, anachomoa, anaondoka. Siku nyingi mambo huenda salama. Siku yasipokwenda salama, kinachopotea si kile kidude cha shilingi elfu chache, bali ni kazi ya muhula mzima, au vyeti vya mtu, au sauti ya mzazi aliyekwisha kutangulia mbele ya haki.

Hapa kwetu Karatu jambo hili lina uzito wa pekee. Wanafunzi wengi hawana kompyuta nyumbani. Kazi huandikwa kwenye kompyuta ya shule au ya jirani, kisha huchapwa steshenari mjini. Wenzetu wa Mang'ola, Endabash na Oldeani hupanda gari kuja mjini kwa ajili hiyo, na wale wa ng'ambo ya geti la Lodoare, kama vile Endulen na Nainokanoka, husafiri mbali zaidi. Aliyekuja kutoka huko akikuta flashi haifunguki, hana nafasi ya kurudi nyumbani kuchukua nakala nyingine kabla duka halijafungwa. Kwa hiyo tusome kwa makini, in shaa Allah tutafaidika.

1. FLASHI NI NINI, NA INAHIFADHI VIPI?

Ukiifungua flashi utakuta vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni chipu ya kumbukumbu, na cha pili ni chipu ndogo inayoisimamia, yaani inayopanga kitu gani kikae wapi. Hakuna kinachozunguka ndani yake kama ilivyo kwa CD au diski kuu za zamani, ndiyo maana haitoi sauti na huvumilia kuanguka.

Chipu ya kumbukumbu ina vyumba vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni. Kila chumba hufungiwa chaji ndogo ya umeme, au huachwa bila chaji. Kompyuta husoma hali hizo kama moja na sifuri. Moja na sifuri nane zikikaa pamoja huitwa baiti, na baiti moja inatosha kuhifadhi herufi moja ya maandishi yetu ya kawaida. Kwa kuwa ile chaji imefungiwa ndani, haitoki unapochomoa flashi. Hapo ndipo inapotofautiana na kumbukumbu ya muda iliyomo ndani ya kompyuta, ambayo hufutika mara tu umeme unapokatika.

Kumbukumbu ya namna hii ilibuniwa miaka ya 1980 na mhandisi wa Kijapani, Fujio Masuoka, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba. Lile tundu tunalochomekea, linaloitwa USB, lilitolewa mwaka 1996. Vitu viwili hivyo vilipounganishwa ikapatikana flashi, na mwaka 2000 zikaanza kuuzwa na kampuni kama Trek ya Singapore na IBM ya Marekani. Ile ya IBM ilibeba MB 8 tu, na watu waliistaajabia, kwani disketi iliyokuwa ikitumika kabla yake ilibeba MB 1.44.

2. UKUBWA WA FLASHI

Baiti elfu moja hufanya kilobaiti moja, yaani KB. Kilobaiti elfu moja hufanya megabaiti, yaani MB. Megabaiti elfu moja hufanya gigabaiti, yaani GB.

Tuchukue mfano wa darsa. Darsa ya saa moja ikirekodiwa kwa kiwango cha kawaida cha MP3, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, inachukua takriban MB 58. Kwa disketi za zamani zingehitajika disketi 40 kuibeba darsa hiyo moja. Flashi ya GB 8 inabeba darsa kama hizo zaidi ya 130. Kisomo cha msahafu mzima, tukikadiria kuwa ni saa 30, hakifiki GB 2.

Wanafunzi wengi hutuuliza: "Ustadhi, nimenunua flashi ya GB 16, mbona kompyuta inaonyesha 14.9? Nimeibiwa?" Hapana, hukuibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa maelfu, wakati Windows inahesabu kwa 1,024 badala ya 1,000. Baiti ni zile zile, ila vipimo ni viwili. Kwa hesabu hiyo GB 8 huonekana kama 7.4 au 7.5, na GB 32 huonekana kama 29.8.

Lipo tatizo lingine linalowasumbua watu, hasa wakati wa kunakili video ya harusi au ya mahafali. Flashi ina nafasi ya kutosha, lakini kompyuta inagoma na kusema faili ni kubwa mno. Sababu ni mpangilio wa ndani unaoitwa FAT32, ambao haukubali faili moja lifike GB 4. Dawa yake ni kuigawa video vipande, au kuipanga upya flashi kwa mpangilio unaoitwa exFAT. Mjue tu kwamba kuipanga upya kunafuta kila kilichomo, na kwamba redio na sabufa nyingi za majumbani hazisomi ila FAT32. Anayetaka kusikiliza Qur'an kwenye sabufa aiache flashi yake ilivyo.

3. HATUA ZA KUITUMIA

Kwanza, ichomeke kwa upole. Kichwa cha flashi kina ulimi wa plastiki upande mmoja, na tundu la kompyuta nalo lina ulimi wake. Ndimi hizo zinatakiwa kupishana. Ikigoma kuingia, igeuze. Usiisukume kwa nguvu, maana ukivunja ulimi wa tundu umeharibu kompyuta ya watu.

Pili, subiri kompyuta iitambue. Fungua palipoandikwa This PC, au My Computer katika mashine za zamani. Utaiona flashi yako ikiwa na jina na herufi, kwa mfano E au F.

Tatu, ikague kabla ya kuifungua. Weka mshale juu ya jina la flashi, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, kisha chagua neno linaloanza na Scan. Kompyuta za Windows kuanzia toleo la 8 zina kinga yake ya virusi ndani, inayoitwa Defender. Ukaguzi huchukua dakika chache.

Nne, nakili, usihamishe. Neno Copy hutoa nakala na kuacha asili mahali pake. Neno Cut huondoa asili. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, kazi yako iko hatarini. Ukinakili, asili bado ipo. Kwa hiyo tumieni Copy, kisha Paste.

Tano, fanyia kazi kwenye kompyuta, si ndani ya flashi. Nakili faili uliweke kwenye kompyuta, liandike, lihifadhi, lifunge, kisha lirudishe kwenye flashi. Mtu anayeandika moja kwa moja ndani ya flashi, ikitikiswa kidogo au akaigonga kwa mkono, faili linaweza kuharibika likiwa wazi.

Sita, fungua nakala iliyo ndani ya flashi uione. Wengi huruka hatua hii. Sekunde kumi za kuhakikisha zinakuepusha na safari ya bure.

Saba, itoe kwa idhini. Bonyeza alama ya flashi iliyo chini kulia ya skrini na uchague Eject. Subiri kompyuta ikwambie ni salama, ndipo uchomoe.

Nane, kama kompyuta si yako, futa ulichoacha. Kifute, kisha ulimwage na lile pipa la takataka liitwalo Recycle Bin. Na zingatieni tofauti hii: kinachofutwa kwenye kompyuta huenda kwanza kwenye pipa hilo, lakini kinachofutwa ndani ya flashi kwa kawaida hakipiti huko. Kinaondoka papo hapo.

Tunaongeza jambo moja kwa wale wanaoandika maandishi ya Kiarabu. Andiko lililopangwa vizuri kwenye kompyuta moja linaweza kuvurugika kwenye kompyuta ya steshenari isiyo na aina ile ile ya herufi. Harakati zinahama, herufi zinaachana, au vinatokea visanduku vitupu. Katika barua ya kawaida hiyo ni aibu ndogo, lakini katika aya ya Qur'an ni jambo zito. Kabla ya kwenda kuchapa, tumieni Save As na kuchagua PDF, jambo linalowezekana katika Word kuanzia toleo la 2010. Faili la PDF hubeba herufi zake lenyewe, na litachapwa kama ulivyoliona. Hata hivyo, somo lolote lenye aya lisomwe tena kwenye karatasi kabla halijatolewa nakala nyingi.

4. KWA NINI TUSICHOMOE GHAFLA?

Baadhi yenu husema: "Mimi kila siku nachomoa tu na haijawahi kuharibika." Tuwaeleze kinachotokea.

Kuandika kwenye flashi ni polepole kuliko kuandika kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kwa hiyo kompyuta wakati mwingine hupokea faili lako, ikakuonyesha kuwa imemaliza, ilhali sehemu ya faili bado inasubiri kupelekwa. Ukichomoa wakati huo, flashi inabaki na faili nusu. Kibaya zaidi, ndani ya kila flashi kuna orodha inayoonyesha faili lipi liko wapi, kama faharasa ya kitabu. Ukichomoa wakati orodha hiyo inaandikwa, unaweza kupoteza hata mafaili ambayo hukuyagusa siku hiyo.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 2018 Windows 10 ilibadilishwa ili isicheleweshe kuandika kwenye flashi, na hatari imepungua. Lakini haikuondoka, kwani hakuna anayejua kwa kutazama tu kama kompyuta imemaliza au la. Na mashine nyingi za zamani bado zinafanya kazi katika mitaa yetu. Eject haigharimu kitu.

5. VIRUSI

Virusi vya kompyuta ni programu zilizoandikwa na watu kwa makusudi ya kuharibu, kuiba au kusumbua. Flashi huvibeba kutoka mashine hadi mashine. Kompyuta ya steshenari moja inaweza kuchomekwa flashi nyingi kwa siku. Mmoja akija na flashi yenye kirusi, waliobaki wote wako hatarini, nao wanakipeleka shuleni, ofisini na madrasa.

Wapo wanaodhani kompyuta isiyo na intaneti haipati virusi. Dhana hiyo si sahihi. Mwaka 2010 kiligunduliwa kirusi kilichoitwa Stuxnet, ambacho kiliharibu mitambo ya nyuklia ya Natanz nchini Iran. Mitambo ile haikuunganishwa na intaneti, na kirusi kile kilikuwa na uwezo wa kusafiri kwa flashi. Kabla yake, kirusi kilichoitwa Conficker, kilichogunduliwa Novemba 2008, nacho kilitumia flashi kama mojawapo ya njia zake. Wakati ule Windows ilikuwa na tabia ya kuendesha programu iliyomo ndani ya flashi mara inapochomekwa. Microsoft iliizuia tabia hiyo kwa flashi, na Februari 2011 ikatoa marekebisho kwa matoleo ya zamani pia.

Siku hizi kirusi kinahitaji wewe mwenyewe ukifungulie mlango. Dalili inayoonekana sana kwetu ni hii: unafungua flashi, mafolda yako yameonekana kama vijialama vyenye mshale mdogo pembeni, kila kimoja kina KB moja au mbili tu. Mafolda yako hayajafutwa. Kirusi kimeyaficha, kikaweka vivuli vyake vyenye majina yale yale, na ukibofya kivuli unakiendesha kirusi. Ukiona hivyo, usibofye chochote na usiifomati. Itoe, mpelekee mwalimu wa kompyuta au fundi, aikague na kuyafichua mafaili yaliyofichwa. Kwa kawaida yanapatikana yote.

Angalieni pia mwisho wa jina la faili. Andiko la Word huishia na docx, picha huishia na jpg, sauti huishia na mp3. Faili linalojiita "Matokeo ya Mtihani" na kuishia na exe si matokeo, ni programu. Lisifunguliwe.

Na je, ukiokota flashi njiani? Mwaka 2016 watafiti walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Waliangusha flashi 297 kwenye maeneo ya chuo, na karibu nusu yake zilichomekwa na kufunguliwa na waliookota. Mtu mwenye nia mbaya anaijua tabia hiyo. Sisi Waislamu tayari tunayo hukumu ya kilichookotwa: kinatangazwa, hakifanywi chako. Mpe mwalimu au mwenye duka lililo karibu, na tangazo litolewe. Usiichomeke kwa kisingizio cha kumtafuta mwenyewe.

6. KOMPYUTA IKITAKA "FORMAT"

Sehemu hii ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Familia moja hapa mjini walikuwa na flashi yenye sauti ya babu yao, akisoma Qur'an na kuwausia wajukuu zake. Mzee alikuwa ameshafariki. Siku moja walipoichomeka, kompyuta ikaandika kwamba flashi inatakiwa kufomatiwa kabla ya kutumika. Kijana akabonyeza ndiyo, akidhani ni hatua ya kawaida. Flashi ikafunguka ikiwa tupu. Kwa kuwa ilikuwa tupu na inafanya kazi, akaijaza qasida na video. Ilipotufikia sisi ilikuwa imeshapita miezi. Fundi alijitahidi akapata vipande vichache, dakika moja hapa na nusu dakika pale. Usia wenyewe haukupatikana.

Tunalisimulia hili kwa idhini yao ili wengine wasifikwe na jambo kama hilo. Ujumbe ule wa kompyuta maana yake ni moja: kompyuta imeshindwa kuisoma ile faharasa. Haimaanishi kwamba kilichomo kimepotea. Na ukikubali kufomati kwa njia ya haraka, kinachofutwa hasa ni faharasa, wakati kurasa zenyewe bado zipo kwa muda. Zinapotea kweli pale unapoandika vitu vipya juu yake. Kwa hiyo:

(a) Kompyuta ikikuuliza kama ufomati, jibu hapana.
(b) Jaribu flashi kwenye tundu lingine na kwenye kompyuta nyingine.
(c) Ikiwa bado haifunguki, usiweke chochote ndani yake. Mpelekee fundi ajaribu kuyarejesha mafaili kwa programu maalumu.
(d) Hata kama umeshafomati au umefuta kwa bahati mbaya, simama hapo hapo. Kila faili jipya unaloongeza linafunika la zamani.

7. NAKALA MOJA SI NAKALA

Flashi si ghala la kudumu. Vyumba vyake huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi, na ile chaji iliyofungiwa huvuja taratibu kadiri miaka inavyopita, hasa kwenye joto. Kinachowekwa kwenye flashi moja na kusahauliwa kabatini hakina dhamana.

Katika historia yetu lipo funzo kubwa. Baada ya vita vya Yamama, takriban mwaka 633, ambako mahafidhi wengi walikufa mashahidi, Sayyidna Umar (R.A.) alimshauri Sayyidna Abubakar (R.A.) ikusanywe Qur'an yote kwa maandishi. Kazi hiyo akapewa Zayd bin Thabit (R.A.). Kurasa zile zilihifadhiwa, hatimaye zikawa kwa Bibi Hafsa (R.A.). Baadaye Sayyidna Uthman (R.A.) akaamuru zitolewe nakala na kupelekwa katika miji mbalimbali, nyingine ikabaki Madina. Maswahaba hawakutosheka na vifua peke yake, wala hawakutosheka na maandishi ya mahali pamoja. Allah ndiye mlinzi wa Kitabu chake, na wao walichukua sababu.

Basi na sisi katika mambo yetu madogo tuchukue sababu. Kitu chenye thamani kikae angalau mahali patatu: kwenye kompyuta au simu, kwenye flashi, na mahali pengine mbali na nyumba yako, kama vile flashi iliyo kwa ndugu au ghala la intaneti la barua pepe yako. Nyumba ikiungua au mwizi akiingia, kompyuta na flashi zilizokuwa chumba kimoja huondoka pamoja.

Jambo hili linawahusu sana wahitimu wa kidato cha sita. Maombi ya mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hufanywa kwa intaneti, na hutakiwa vielelezo vilivyoskaniwa, kikiwemo cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Dirisha la maombi lina siku yake ya kufungwa. Skanini vyeti vyenu mapema, mvipe majina yanayoeleweka, na mviweke mahali patatu. Kijana kutoka Endulen asikose chuo kwa sababu ya flashi moja iliyogoma siku ya mwisho.

8. FLASHI YA MTU NI NYUMBA YAKE

Qur'an katika Suratun Nur imetufundisha kutoingia nyumba za watu mpaka tupate idhini na kuwasalimia wenyewe. Flashi ya mtu ina picha za familia yake, barua zake, hesabu za biashara yake na pengine karatasi za hospitali. Umeazimwa flashi ili uweke faili moja, basi weka faili lako moja. Kupekua mafolda mengine ni kuingia chumbani kwa mtu. Ukifungua kwa makosa ukaona jambo, lisitiri.

Nanyi mnaofanya kazi steshenari, ambao baadhi yenu mmesoma katika madrasa hii, mmepewa dhamana kubwa. Cheti cha mteja kilichobaki kwenye kompyuta ya duka kinaweza kutumiwa na mtu mwingine kwa udanganyifu. Kifuteni mbele yake. Sheria ya nchi nayo inalitazama jambo hili: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za watu. Lakini Muislamu hasubiri polisi ili atimize amana.

Anayebeba mambo ya siri anaweza kuyafungia neno la siri. Word ina uwezo huo ndani yake. Ila neno hilo ukilisahau, hata wewe mwenyewe hutaingia.

9. KUNUNUA NA KUTUNZA

Sokoni zimejaa flashi za uongo. Mtu anauziwa flashi iliyoandikwa TB 1 au GB 512 kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani yake mna GB chache tu, na ile chipu msimamizi imefundishwa kuidanganya kompyuta. Utaweka mafaili, utayaona majina yake, lakini yakivuka uwezo wa kweli yanaanza kufunikana, na siku unayoyahitaji hayafunguki. Bei ikiwa chini mno kupita kiasi, shuku. Nunua kwa muuzaji anayekubali umrudishie, na siku hiyo hiyo ijaze mafaili, kisha fungua ya mwanzo na ya mwisho uone.

Katika kuitunza, tukumbuke ardhi yetu. Vumbi jekundu la Karatu wakati wa kiangazi huingia kwenye kichwa cha flashi, na mfukoni hugandamana na jasho. Tumia yenye kifuniko au inayojirudisha ndani. Wenzetu wa ukingoni mwa Kreta, kwenye ukungu na baridi, waiweke kwenye mfuko mkavu wa plastiki. Ikilowa usiichomeke, iache ikauke siku mbili. Na isiachwe juu ya dashibodi ya gari juani.

10. NENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu wapendwa, mtoto akiomba flashi kwa ajili ya shule, mnunulieni kama mnavyomnunulia daftari. Lakini muulizeni pia kilichomo, kama mnavyolikagua daftari. Flashi hubeba darsa na hubeba uchafu vile vile, na hupita mkono kwa mkono bila intaneti wala bando. Kaeni naye, mwambieni awafungulie mbele yenu, bila vitisho. Na mlio na sauti au picha za wazee wenu kwenye flashi moja au simu moja, zitoleeni nakala wiki hii. Atakayeshindwa aje madrasa baada ya sala ya Alasiri siku ya Jumamosi, tutamsaidia bila malipo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini flashi ya GB 32 huonekana kama GB 29.8?
2. Mwenzako ameona mafolda yake yamekuwa vijialama vya KB moja. Utamwambia afanye nini, na asifanye nini?
3. Kompyuta inapotaka kufomati flashi yako, ina maana mafaili yamepotea? Eleza.
4. Taja mahali patatu ambapo wewe utahifadhi cheti chako cha kuzaliwa.

Wanafunzi waandike majibu kwenye daftari la Tarbiya na kuyaleta darasani. Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie elimu yenye manufaa na atuwezeshe kutimiza amana, kubwa na ndogo. Wabillahi tawfiq.